Anko, huko Lushoto si tutaganda?

Kipupwe kimeingia, watu wa Dar wameshaanza kuvaa masweta saa kumi na mbili asubuhi kwenye foleni ya mwendokasi wakati joto ni nyuzi 20, na maswali ya mwezi huu karibu yote ni watu wanaotaka kupeleka baiskeli milimani kwenye baridi ya ukweli. Safi sana. Nimechagua machache maana mengi yanafanana, kama hujaona lako soma la mwenzio, jibu lako limo humo humo.

Anko Pedali shikamoo. Sisi ni vijana watano wa Tabata, kila Jumapili tunapiga Pugu mpaka Kisarawe na kurudi kwa hiyo pumzi tunayo. Wikendi ya Sabasaba tunataka kupandisha Lushoto, kuna jamaa katuunganisha na mzee mmoja mwenye kibanda cha mbao huko Shume pembeni ya msitu, hamna umeme, maji unachota, usiku mbili. Wengine wanasema tutaganda, wengine wanasema ni mbwembwe tu za watu wa huko. Ukweli ni upi na tubebe nini? (Watano wa Tabata)

Marahaba wanangu. Baridi ni ya kweli na hesabu yake ni nyepesi, kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi 6 na ushee. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, Shume mnakaribia 1,900. Alfajiri ya Julai hapa Dar ni nyuzi 19 hivi, toa 12, inabaki 7. Friji ya nyumbani kwenu inakaa kwenye 4 au 5. Yaani mnaenda kulala kwenye mlango wa friji, alafu mlango wenyewe uko wazi na upepo unaingia.

Ila nisikilizeni vizuri hapa. Mkiwa mnapanda hiyo baridi hamtaiona kabisa. Mtavua koti, mtavua sweta, mtabaki na tisheti, jasho linatiririka mgongoni na mtaanza kuwacheka waliowatisha. Mnafika juu, mnasimama kupiga picha, ukungu unashuka kama mtu kavuta pazia, na ile tisheti iliyolowa inageuka kitambaa cha kumkanda mwenye homa. Dakika kumi tu. Alafu ndo mnaanza kushuka mteremko wa kilomita kadhaa, mwendo mkali, hampedali kwa hiyo mwili hautengenezi joto, upepo wote unaishia kifuani.

Mi yalinikuta hayo na sikuwa mtoto, nilikuwa na miaka 31 na kichwa kigumu. Natoka juu nashuka kuelekea Lukozi, tisheti ya pamba imeloa chapachapa, glovu sina kwa sababu glovu ni za watu waoga. Katikati ya mteremko nikavuta breki nikaona vidole havinisikii, navituma haviendi, ikabidi nikumbatie mkono wa breki kwa kiganja kizima kama mtu anayeminya chungwa. Kona ikafika kabla ya breki. Nikaingia kwenye shamba la kabichi. Mama mwenye shamba akatoka na jembe lake, hakuniuliza kama nimeumia, aliuliza kabichi atalipa nani. Zilikuwa nane, nakumbuka idadi kwa sababu nilizilipa moja moja huku natetemeka hata noti zinanidondoka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kubeba ni fulana kavu, imefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na mkifika juu ile iliyolowa mnaivua KABLA ya picha, najua mtaona aibu kukaa kifua wazi kwenye ukungu lakini ni sekunde 20. Pamba achaneni nayo kabisa, pamba inakunywa maji na haiyaachii. Jezi ya mpira ni nzuri kuliko tisheti ya pamba, Simba au Yanga shauri yenu. Ya kwanza mwilini jezi, ya pili sweta la manyoya mepesi, lile laini kama blanketi la mtoto, ya juu koti la mvua lisilopitisha upepo. Wala msiende kwenye maduka ya michezo kutajiwa bei za kutisha, nendeni soko la mitumba la Karume asubuhi mabelo yakifunguliwa, Wazungu wametupa huko makoti ya baridi ambayo Dar hakuna anayeyataka, mtayapata kwa bei ya chipsi mayai na mishkaki. Glovu za vidole vyote pia ziko. Soksi nzito pea mbili, na mkivaa ya kwanza pitisheni mfuko wa mkate juu yake kisha ya pili, upepo hauingii kwenye vidole (ndiyo, mfuko wa mkate, maana rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na mi sitaki mniletee kesi).

Alafu pandeni taratibu. Najua mtashindana, vijana watano hawawezi kupanda mlima bila mmoja kujifanya yuko mashindanoni, lakini mtu anayepanda bila kulowa jasho ndo anayeshuka vidole vikiwa hai.

Sasa kibanda. Watu wakipanga safari wanaanza na njia, mi nawaambia anzeni na kibanda mrudi nyuma. Giza kule linaingia saa kumi na mbili na nusu jioni, lakini ndani ya msitu saa kumi na moja tayari huoni mzizi. Kwa hiyo kibandani mfike saa kumi. Ili mfike saa kumi, popote mlipo saa nane mchana mnageuza, hata kama kilele mnakiona kwa macho, hata kama kimebaki "hapo tu". Hapo tu ya Msambaa na hapo tu yako wewe wa Tabata ni vitu viwili tofauti, yeye anapanda mlima na gunia la viazi kichwani anapiga stori.

Mkifika mnavaa nguo za kibandani. Hizi hamwendeshi nazo baiskeli hata iweje, suruali nzito, sweta, soksi, kofia ya sufu, zinakaa kwenye begi zimefungwa na zinavaliwa humo ndani tu. Zile za baiskeli mnaning'iniza, asubuhi hazitakuwa zimekauka, mtazivaa mbichi na mtanilaani, ndo hivyo, dakika tano za kwanza ni mbaya alafu mwili unazipasha. Ukivaa zile kavu asubuhi kwa kudeka, jioni utakuwa na seti mbili za mbichi na usiku wa pili utakuwa mrefu sana kwako. Kabla ya kulala chemsheni maji, jazeni chupa ngumu isiyovuja, ifungeni na soksi muiweke miguuni kwenye blanketi. Utaona hadi saa tisa usiku bado ina uvuguvugu. Na kuleni, jamani kuleni, mwili unachoma chakula ili upate joto, kashata za karanga kwenye mifuko ya koti unatafuna kila saa bila kusubiri njaa, jioni viazi vya kuchoma kwenye jivu, chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha kumuudhi daktari.

Baiskeli zenyewe: udongo wa kule ni mwekundu na ukinyesha unanata kama ugali wa moto, unajaa kati ya tairi na foko mpaka gurudumu halizunguki, bebeni kijiti cha kuchokolea. Upepo wa tairi punguzeni, Pugu mnajaza mpaka linalia kama ngoma, huko likibonyezwa na dole gumba lizame kidogo. Padi za breki bebeni pea ya akiba kila mtu, matope yenye mchanga yanazila kama sabuni. Tyubu, solusheni, viraka, pampu, kiungo cha cheni, tochi ya kichwani. Simu na pawabenki walaleni nazo kwenye blanketi, baridi inanyonya chaji.

Mkitaka kupita ndani ya hifadhi ya Magamba kuna kiingilio cha TFS, wale wakala wa misitu, mnaombewa kontroo namba mnalipa, msijifanye mmepotea njia. Na mkikutana na wazee njiani salimieni, asubuhi "onga maundo", mchana "onga mshi", mtaelekezwa njia ambazo hakuna ramani inazo.

Ishara moja ya kuangalia kwa mwenzenu, mtu akianza kuongea kama mlevi, anadondosha vitu, anajikwaa kwenye pasipo na kitu, safari imeisha hapo hapo. Nguo mbichi zitoke, avae kavu, blanketi, kitu cha moto chenye sukari. Akiwa alikuwa anatetemeka alafu ghafla ameacha na bado wa baridi, msifurahi, hali imekuwa mbaya zaidi, hapo ni hospitali. Pombe kali msimpe. Inaleta damu kwenye ngozi anajisikia joto la uongo huku ndani anazidi kupoa.

Anko mambo? Mi nataka kwenda na basi ila mara ya mwisho konda alirusha baiskeli yangu kwenye buti kama gunia la mkaa, nilipofika breki ya mbele ikawa inakamata muda wote na gia ya nyuma imepinda. Au nitafute lifti ya fuso? (Dada wa Mbagala)

Poa dada. Fuso usiende, vumbi na usiku. Basi linatosha, ila fika kituo cha Magufuli pale Mbezi mapema, uwe wa kwanza kwenye buti, na ukubaliane na konda bei ya mzigo kabla hajauona, akishauona bei inapanda. Mpe soda pia. Sijasema rushwa, nimesema soda.

Ile breki kukamata si konda. Ulitoa tairi la mbele alafu mtu akabana mkono wa breki, si ndiyo? Breki za diski za haidroliki, zile zinazosukumwa na mafuta, ukibana wakati diski haipo katikati, padi zinasogea mpaka zinagusana na hazirudi, ukirudisha tairi diski haiingii au inaingia kwa kusugua. Dawa yake ni kipande cha boksi. Kikunje mara mbili tatu, kiwe nene kama diski, kichomeke katikati ya padi mara tu unapotoa tairi, na uzungushe mpira kwenye mkono wa breki ili asije mtoto akachezea. Ikishatokea, bana bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa katikati ya padi uzitenganishe taratibu, mafuta ya mkononi mwako yasiguse padi.

Pedali toa, ya kushoto inafunguka kinyume na ulivyozoea. Usukani ulegeze uulaze sambamba na fremu. Gia ya nyuma ifungue na alenki ile skrubu moja, isogeze ndani ifungie kwenye fremu na kamba, na baiskeli ilale upande wa gia ukiwa juu. Ukishaona imelala hivyo ndo uende ukakae kwenye siti yako, si kabla.

Habari Anko. Mume wangu na rafiki zake wanaenda milimani na baiskeli, nimemsikia anapanga kubeba jiko la mkaa wakalale nalo ndani ya hicho kibanda ili wapate joto. Nimemwambia ni hatari anasema mkaa ukishashika vizuri hauna moshi kwa hiyo hauna shida. Naomba umwambie wewe maana mimi hanisikii. (Mama wa Mbezi)

Nzuri mama. Shemeji, hii nakuandikia wewe moja kwa moja na mzaha naweka pembeni.

Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo, ndo huo huo unaoua. Kinachoua si moshi, ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu wala haiwashi macho. Inaingia kwenye damu inakaa kwenye kiti cha oksijeni na haitoki kirahisi. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na kule mlimani baada ya kupedali siku nzima utasema ni uchovu, utajilaza. Ukishalala huamki kujiuliza swali la pili. Watu wamekufa hivyo familia nzima, hapa hapa nchini, msimu wa baridi kama huu, na majirani asubuhi wanakuta wote wamelala kama walivyojifunika.

Na kibanda cha mbao usiseme kina nyufa kwa hiyo hewa inaingia. Najua mtakachofanya saa tatu usiku upepo ukianza, mtaziba nyufa na magunia. Kila mtu anaziba.

Jiko libaki nje au kwenye baraza, pikieni huko, chemsheni maji ya zile chupa huko. Mkitaka kuota moto oteni nje mmejifunika, alafu mwingie ndani na chupa zenu za moto. Hata makaa yaliyofunikwa jivu yanayoonekana yamekufa yasiingie. Genereta pia hivyo hivyo, na jiko la gesi la kupikia msilale nalo linawaka. Akisikia kichwa kinamuuma humo ndani na wenzake kinawauma pia, wote watoke nje sekunde hiyo, wasianze kutafuta panadol.

Mama, asipokubali bado, ficha jiko. Nikilaumiwa nitajibu mimi.

Anko habari za kazi. Mungu akijalia Januari naenda kusoma Glasgow, klabu ya baiskeli ya chuo wameshaniingiza kwenye grupu la WhatsApp, wikendi ya pili tu baada ya kufika wanaenda kuendesha baiskeli mlimani na kulala kwenye kitu wanaita bothi. Nimeangalia picha, ni nyumba ya mawe ya zamani, ndani hamna hata godoro. Hawa watu wana hela, kwa nini wanalala hivi? Na mimi wa Sinza nitatoboa kweli? (Msafiri wa Sinza)

Hongera kwanza kijana. Utatoboa, ila uende ukijua.

Bothi nyingi ni nyumba za zamani za wachungaji wa kondoo na walinzi wa mashamba makubwa ya kuwindia, zilibaki tupu. Mwaka 1965 watu wakaanzisha chama, Mountain Bothies Association, cha kujitolea, wanaomba ruhusa kwa wenye mashamba, wanaziba paa na kurekebisha milango, sasa wanatunza kama 100 hivi, nyingi Skotlandi. Mlango haufungwi kwa funguo, hulipi, hufanyi bukingi, anayefika analala. Ndo raha yake mdogo wangu, hela haisaidii kitu mle ndani. Profesa na mwanafunzi wote wamekaa kwenye ubao wanasubiri sufuria moja ichemke. Na baiskeli kupita porini kwenye mashamba ya watu kule ni haki yako, kuna sheria yao ya 2003 inaruhusu mtu kutembea au kuendesha karibu kila mahali mradi asiharibu.

Ila hamna umeme, hamna bomba, choo mara nyingi hamna. Kuna koleo. Unachukua koleo unaenda mbali na nyumba na mbali na mto, unachimba, unafukia. Mi nilisoma huko miaka miwili na nimelala Corrour, kibanda cha mwaka 1877 kwenye milima ya Cairngorms, hicho kina choo na watu wanakisifia choo hicho kama hoteli. Kuni na makaa ya mawe (ya kuwasha kwenye sehemu ya moto yenye dohani, si jiko la mkaa la shemeji) mnabeba wenyewe, miti hai haikatwi. Kundi kubwa haliruhusiwi, kuanzia watu sita, kwa hiyo uliza kwenye grupu lenu mko wangapi, na wabebe hema maana mnaweza kukuta pamejaa.

Yale niliyowaambia vijana wa Tabata kuhusu jasho na nguo kavu yachukue yote uyazidishe mara tatu. Tofauti kubwa ni mbili. Moja ni mchana. Katikati ya Januari huko juu jua linatoka saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, yaani una saa saba na kidogo tu za kuona, na siku ya mawingu hata hizo ni za kubahatisha. Wenzako wakisema tutafika saa tano usiku na tochi, uwe na tochi mbili.

Ya pili ni kwamba maji yanaganda, na wewe hujawahi kuishi mahali ambapo maji yanaganda nje ya friza kwa hiyo akili yako haitakukumbusha. Chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi, barafu inaanzia juu ya maji kwa hiyo mdomo utabaki wazi. Ukiwa na lile begi la maji la kunyonya kwa mrija, ukimaliza kunywa pulizia maji yarudi, la sivyo mrija unaziba. Gia zikiloa jioni usiku maji yanaganda ndani ya waya, asubuhi unabadilisha gia inakutazama tu, ingiza baiskeli ndani kama kuna nafasi. Na viatu! Usiku wangu wa kwanza niliviacha barazani vinanuka, asubuhi nimekuta viatu vya chuma, kamba zimesimama wima zenyewe kama masharubu ya kambale, nikakaa nusu saa nimevikumbatia kifuani ndani ya koti ili mguu uingie, wenzangu wameshakunywa chai wananisubiri wananicheka. Vifunge kwenye mfuko ulale navyo. Kunuka utazoea.

Baiskeli azima ya klabu, usinunue mwezi wa kwanza, wao wanajua matairi gani yanashika, kwenye barafu kuna hata matairi yenye misumari. Msipate ajali, ila ikitokea piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji uokoaji wa mlimani, waokoaji ni watu wa kujitolea na hawakutozi. Mtandao usipokuwepo ni filimbi, mara sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia.

Na mama yako usimtumie picha ya kile kibanda mpaka urudi mjini.

Anko, eti Kilimanjaro unaweza kupanda na baiskeli? Tunabishana hapa kijiweni Kinondoni.

Kweli, nani kashinda? Njia ya Kilema ndo inaruhusu baiskeli, kwa kibali cha TANAPA na lazima uwe na waongozaji, inaenda kukutana na njia ya Marangu pale Horombo kwenye vibanda vya mbao, mita 3,720. Ila hiyo si ya wikendi, mtu kutoka usawa wa bahari mpaka hapo haraka haraka kichwa kitamuuma na atatapika, mlima haujali umefunga gia ngapi. Nenda Lushoto kwanza, au Morogoro kwa karibu, panda barabara ya Morningside hapo Uluguru na urudi siku hiyo hiyo, ukishuka bado unacheka ndo tuongee Kilimanjaro.

Anko ni sisi tena wa Tabata, tumesahau kuuliza, yule mzee wa kibanda tumpelekee nini?

Vizuri mmekumbuka. Kule wana viazi, karoti, maharage na maziwa ya kuwagawia hata nyie, mpelekeeni vya pwani. Nazi kavu tano, kila mmoja anabeba moja kwenye begi, dagaa, sukari, na betri za redio muulizeni kwa simu ni saizi gani. Siku ya kuondoka mpasulieni kuni za wiki nzima, nyie watano ni nusu saa, mzee wa miaka 70 ni siku mbili.

Kabichi msibebe. Na mkipita Lukozi kwenye ile kona punguzeni mwendo.